TAA YA PIKIPIKI NA MACHO YA JIRANI

Somo kwa wote wanaosafiri usiku, wenye pikipiki na wenye kutembea kwa miguu

Ndugu msomaji, pengine utauliza: Taa ya pikipiki inatafuta nini katika kitabu cha mafundisho ya afya? Tumezoea kusoma humu habari za malaria, za minyoo, za chandarua na za maji ya kunywa. Je, taa si kazi ya fundi?

Ndiyo, taa ni kazi ya fundi. Lakini mfupa uliovunjika ni kazi yetu. Mwendeshaji akipofushwa na taa ya mwingine usiku, akamgonga mama anayerudi shambani, mama yule hapelekwi kwa fundi. Analetwa hospitalini. Kuunga mguu uliovunjika ni kazi ya miezi mingi. Kupima taa ni kazi ya nusu saa, na chombo chake ni bisibisi. Kinga ni kinga, ikiwa kwa sindano ao kwa bisibisi.

Tena, katika vijiji vyetu vingi pikipiki ndiyo motokari ya wagonjwa. Inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Inabeba mtoto mwenye degedege. Inabeba sanduku la chanjo. Inakwenda safari ndefu na mzigo mzito, na mara nyingi usiku, maana ugonjwa haungoji mapambazuko. Basi somo hili ni la wote wenye pikipiki za safari, na la wote wanaokutana nazo njiani.

Neno kuu la somo ni hili, lishike tangu sasa: TAA IPIMWE PIKIPIKI IKIWA NA MZIGO WAKE. Mtu aliyepima taa ya pikipiki tupu, kisha akapakia watu wawili na gunia, ni kama hakupima.

1. JICHO LINAFANYA KAZI NAMNA GANI GIZANI?

Katikati ya jicho kuna tundu dogo jeusi, jina lake mboni. Mchana mboni inajikaza ili mwanga usiingie mwingi. Gizani inafunguka. Lakini kufunguka kwa mboni si yote. Nyuma ndani ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga, nayo inataka muda ili izoee giza. Mtu akitoka penye mwanga mkali, macho yake yanahitaji karibu nusu saa ili yazoee giza kabisa. Ndiyo maana ukitoka nyumbani usiku huoni kitu mbele ya mlango, lakini baadaye unaona miti, njia, hata mbuzi aliyelala.

Mwanga mkali ukiingia ghafula machoni, mazoea yale yanaharibika mara moja. Kwa sekunde kadhaa mtu haoni ila weupe tu, kisha weusi. Sasa pima hatari yake. Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Mtu akipofushwa kwa sekunde 3 tu, amekwenda mita 33 bila kuona. Katika mita 33 kunaweza kuwa na shimo, na ng'ombe, na watoto wanaotoka kuchota maji.

Watu wengine wanaumizwa na mwanga kuliko wengine:

Wazee. Macho yao yanakawia kurudi katika hali ya kuona baada ya kupofushwa.

Wenye mtoto wa jicho. Kioo cha ndani ya jicho kimekuwa na ukungu, na mwanga ukifika hapo unatawanyika kama mwanga juu ya dirisha chafu. Mtu wa namna hii asiendeshe usiku. Na aje hospitalini, maana mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji.

Wenye kukosa vitamini A. Hawa, zaidi watoto wadogo na mama wenye mimba, wanashindwa kuona jioni wakati wenzao bado wanaona. Mtoto anajikwaa juu ya kiti, na watu wanamcheka kwamba ni mzembe. Si uzembe, ni ugonjwa. Mlete kwa waganga upesi, maana ukiachwa unaweza kuharibu jicho kabisa. Chakula kinachosaidia kipo kwetu: mafuta mekundu ya mawese, maembe, mapapai, karoti, mayai, sombe, lengalenga, na viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani. Lakini usinunue vidonge vya vitamini A wewe mwenyewe sokoni. Mama mwenye mimba akimeza dozi kubwa, anaweza kumwumiza mtoto aliye tumboni.

2. TAA MOJA, MIANGA MIWILI

Taa kubwa ya pikipiki ina mianga miwili. Wa kwanza ni mwanga wa mbali. Huu unakwenda mbele moja kwa moja, nao ni wa kutumia njia ikiwa tupu. Wa pili ni mwanga wa chini. Huu unashuka kuelekea barabara, ili anayekuja asipofushwe.

Ukiuelekeza mwanga wa chini ukutani, utaona mpaka: juu ya mpaka ni giza, chini ya mpaka ni mwanga. Mpaka huu tuuite mstari wa mwanga. Kazi yote ya kupima taa ni kuweka mstari huu pahali pake. Ukiwa juu sana, unampofusha jirani. Ukiwa chini sana, huoni mbele, nawe utaanguka katika shimo.

Katika taa nyingi mstari huu haulingani pande zote mbili, unapanda kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili mwendeshaji aone wanaotembea kando. Hapa kwetu Kongo tunapita upande wa kuume, kama Rwanda na Burundi. Basi mstari unapaswa kupanda kwa kuume. Lakini Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia wanapita upande wa kushoto. Pikipiki ao taa iliyonunuliwa huko inaweza kuwa na mstari unaopanda kwa kushoto. Ikija kwetu, inapiga macho ya kila mtu anayekuja, hata ikipimwa vizuri namna gani. Itazame ukutani. Ikiwa inapanda kwa kushoto, mwombe fundi aweke taa ya upande wetu. Ikiwa mstari umenyoka tu, hakuna shida.

3. MZIGO UNAINUA TAA

Hapa ndipo wengi wanapokosa, hata mafundi. Mizigo ya pikipiki inawekwa nyuma. Mtu anakaa nyuma, sanduku liko nyuma, gunia liko nyuma. Springi za nyuma zinashuka, na pua ya pikipiki inainuka. Taa imefungwa puani, nayo inainuka pamoja.

Tuchukue mfano. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma ni sentimeta 130. Taa iko sentimeta 80 juu ya ardhi. Mwendeshaji akiwa peke yake, taa imepimwa vema, mstari wa mwanga unashuka sentimeta 1 kwa kila mita. Kwa hiyo mita 50 mbele, mstari uko sentimeta 30 tu juu ya barabara. Ni urefu wa goti la mtoto. Haumsumbui mtu.

Sasa mgonjwa anakaa nyuma, na ndugu yake nyuma ya mgonjwa. Nyuma inashuka sentimeta 3 kupita mbele. Sentimeta 3 ni upana wa vidole viwili. Nani ataogopa vidole viwili? Lakini mwanga ni kama fimbo ndefu: ukiinua mwisho wake kidogo mkononi, ncha yake inainuka sana. Mita 50 mbele, mstari umepanda karibu sentimeta 115. Palipokuwa na sentimeta 30, sasa kuna sentimeta 145. Hapo si goti tena. Ni macho ya ndugu anayekuja juu ya pikipiki yake. Na mtu wa motokari ndogo, ambaye anakaa chini kuliko huyo, yumo ndani ya mwanga kabisa.

Mwendeshaji mwenyewe haoni ubaya. Anafurahi, maana mwanga wake unafika mbali, mpaka matawi ya miti na mapaa ya nyumba. Anasema: Taa yangu ni kali! Anayelipa ni mwingine. Ukiona waendeshaji wengi wanakuwashia na kukuzimia taa zao, usifikiri wanakusalimu. Wanakuambia kwamba taa yako inawachoma macho.

4. NAMNA YA KUPIMA TAA

Tayarisha vitu hivi: mita ya fundi, chaki, bisibisi, spana, pampu ya upepo, na mtu mmoja ao wawili wa kukusaidia. Tafuta ukuta ulionyoka, kama ule wa shule ao wa kanisa, na mbele yake kiwanja kilicho sawa cha mita 5 na zaidi. Ikiwa una shaka juu ya kiwanja, mwite fundi mwashi na mpira wake wa maji. Yeye anajua kupima usawa. Fanya kazi hii jioni, giza linapoingia.

Usiifanye ndani ya nyumba iliyofungwa. Injini itakuwa inawaka, na moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Hewa hiyo inaua watu kama inavyoua wale wanaolala na jiko la makaa chumbani.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Safisha kioo cha taa. Ikiwa kimepasuka ao kimeingia maji na kutu, kibadilishe kwanza. Kioo kibovu hakipimiki.

2. Jaza upepo katika magurudumu yote mawili kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Gurudumu la nyuma likiwa laini, taa inainuka.

3. Kaza springi za nyuma kwa kadiri ya mzigo, kama pikipiki yako ina sehemu ya kukazia. Fanya hivi kabla ya kugusa taa, maana springi zikibadilika, taa pia inabadilika.

4. Pakia mzigo wa kila safari. Ikiwa desturi yako ni kubeba mtu mmoja na sanduku, mtu mmoja akae na sanduku lifungwe. Nawe ukae pahali pako. Pikipiki isisimame juu ya mguu wake wa chuma. Isimame juu ya magurudumu yake, usukani ukiwa umenyoka.

5. Msaidizi apime urefu kutoka ardhini mpaka katikati ya kioo cha taa. Aandike urefu ule ule ukutani kwa chaki, avute mstari. Huu ni mstari A. Chini yake sentimeta 5, avute mstari mwingine. Huu ni mstari B. Tena avute mstari wa kusimama, unaoelekeana sawasawa na katikati ya pikipiki.

6. Weka pikipiki ili kioo cha taa kiwe mita 5 kutoka ukutani. Pima kwa mita, usipime kwa hatua za miguu.

7. Washa injini, kisha washa mwanga wa chini. Katika pikipiki nyingi ndogo taa inapata nguvu yake kamili injini ikizunguka.

8. Tazama mstari wa mwanga. Unapaswa kulala juu ya mstari B. Ikiwa uko juu, inamisha taa. Katika pikipiki nyingine kuna skrubu ya kupimia, chini ya taa ao nyuma yake. Katika nyingine unalegeza nati mbili za pembeni na kusukuma taa kwa mkono. Pikipiki nyingine kubwa za safari zina kifundo cha kugeuza kwa vidole.

9. Tazama na kuume na kushoto. Pahali panapong'aa zaidi pasikimbilie upande wa kushoto, maana huko ndiko wanakotoka wanaokuja.

10. Kaza nati. Kisha tazama tena, maana mara nyingi taa inasogea wakati wa kukaza. Washa na mwanga wa mbali. Katikati yake panapong'aa pafike karibu na mstari A.

11. Endesha kidogo katika njia mbaya, rudi, upime mara ya mwisho.

Kanuni namba 53 ya Umoja wa Mataifa, iliyo ya taa za pikipiki, inaruhusu mwanga wa chini ushuke kutoka nusu sentimeta mpaka sentimeta 2 na nusu kwa kila mita. Maana yake, katika ukuta wa mita 5, mstari uwe kati ya sentimeta 2 na nusu na sentimeta 12 na nusu chini ya mstari A. Sisi tunachagua sentimeta 5, maana barabara zetu zina mabonde, na pua ya pikipiki inapanda na kushuka saa zote.

Sasa kuna ulizo moja: taa iliyopimwa na mzigo, itakuwa namna gani mzigo ukiondoka? Itashuka. Katika mfano wetu itashuka sentimeta 11 na nusu zaidi ukutani, nawe utaona karibu tu. Dawa yake ni hii. Ukiisha kupima na mzigo, weka alama ndogo ya rangi juu ya taa na juu ya chuma kinachoishika, zikiangaliana. Kisha shusha mzigo, pima tena, weka alama ya pili. Tangu siku hiyo huhitaji ukuta. Kabla ya safari unalegeza, unapeleka taa kwenye alama ya mzigo ao alama ya utupu, unakaza. Ni kazi ya dakika mbili. Mgonjwa wa dharura akikukuta taa iko kwenye alama ya utupu, ishushe kwanza, ndipo uondoke.

5. TAA ZA KUONGEZA

Wengi wanafunga taa nyingine mbili pembeni ya taa kubwa. Si vibaya, ikiwa mtu anajua kazi yake. Ziko za namna mbili, nazo si kitu kimoja.

Taa za ukungu. Mwanga wake ni mpana, wa bapa na wa karibu. Zinafungwa chini ya taa kubwa. Kazi yake ni katika ukungu kama ule wa milima ya Lubero, katika mvua kubwa, na katika vumbi la kiangazi. Ukungu ni matone madogo ya maji yanayoelea. Ukiwasha mwanga wa mbali ndani yake, matone yanaurudisha machoni pako, nawe unaona ukuta mweupe tu. Mwanga ulio chini unapita chini ya macho yako na kuonyesha ukingo wa njia. Pima taa hizi zishuke sentimeta 10 katika mita 5, ukihesabu kutoka katikati ya taa yenyewe. Taa iliyo sentimeta 50 juu ya ardhi itaangaza mita 25 mbele. Ndiyo kadiri yake. Ukungu ukiisha, zima.

Taa za masafa. Mwanga wake ni mwembamba na unakwenda mbali sana. Hizi ni ndugu za mwanga wa mbali. Katikati ya mwanga wake iwe sawa na urefu wa taa yenyewe ao chini yake kidogo. Zifungwe kwa waya wa mwanga wa mbali, ili ukishusha taa kubwa, nazo zizimike mara moja kwa kidole kile kile. Zikiwa na swichi yake peke yake, utazisahau, na taa mbili za masafa zinapofusha kuliko taa kubwa yenyewe.

Usifikiri kwamba mwanga mwingi ni kuona kwingi. Ukiangaza sana mita 10 mbele ya gurudumu, mboni ya jicho inajikaza kwa sababu ya weupe ule, na mbali panakuwa peusi zaidi. Mwanga wa karibu uwe wa kiasi.

Sasa neno la umeme. Gawanya wati kwa volti, utapata amperi. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Batri ni ya volti 12. Hizo ni amperi 9 na zaidi. Pikipiki nyingi ndogo haziwezi kutoa umeme huo pamoja na kazi nyingine. Batri inaliwa kidogo kidogo, na saa tisa za usiku, pahali pasipo nyumba, taa zote zinafifia. Taa mbili za LED za wati 10 zinataka chini ya amperi 2, na hizi pikipiki inaziweza. Funga fyuzi karibu na batri, yenye nguvu kupita mahitaji kidogo tu. Kwa taa hizo fyuzi ya amperi 3 ao 5 inatosha. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiweke karatasi ya sigara ao uzi wa waya pahali pake, maana hapo waya wenyewe utawaka, na tangi la petroli liko juu yake. Taa kubwa zaidi zifungwe na rele, ili swichi ndogo ya usukani isiungue. Na ukiisha kufunga waya, geuza usukani kuume mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Waya usivutwe wala usisagwe.

Angalia na hili: wengi wanatoa ampuli ya zamani ya taa kubwa na kutia ampuli ya LED ya sokoni. Kioo cha taa ile kilitengenezwa kwa ampuli inayotoa mwanga katika nukta moja iliyopimwa. Nukta ikihama, mstari wa mwanga unapotea, na mwanga unatawanyika kila upande. Ukitia, tazama ukutani. Ikiwa huoni mstari, irudishe ya kwanza. Na ampuli ya halojeni usiishike kwenye kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanabaki pale, yanapata moto, na ampuli inakufa mapema.

6. MWENDO UFUATE MWANGA

Taa iliyopimwa vema bado haikupi ruhusa ya kukimbia. Katika mwanga wa chini, mtu aliyevaa nguo nyeusi anaonekana akiwa karibu sana, pengine mita 30 ao 40. Je, unaweza kusimama ndani ya mita hizo? Katika barabara ya udongo mkavu, ukihesabu na muda wa kushtuka, ni karibu hivi:

Kilometa 40 kwa saa: unasimama baada ya mita 32.

Kilometa 60 kwa saa: mita 60.

Kilometa 80 kwa saa: mita 95.

Kwenye matope ni zaidi, na mzigo unaongeza. Basi katika mwanga wa chini, kilometa 40 ni mpaka. Anayekwenda 60 amekwisha kumgonga mtu kabla hajasimama, ingawa alimwona.

7. DESTURI NJEMA ZA NJIANI

Kwa mwendeshaji:

Shusha mwanga mapema, mara unapoona mwanga wa mwingine unakuja nyuma ya kilima. Usingoje aonekane.

Asiposhusha yeye, usimlipe kwa kuwasha wako. Watu wawili waliopofushwa wanapokutana katika njia moja nyembamba, mbaya zaidi ni kwa mtu wa tatu anayetembea kando. Punguza mwendo, tazama ukingo wa kuume wa barabara, usitazame taa yake.

Usivae miwani myeusi usiku. Kioo cha kofia ya chuma kikiwa na mikwaruzo, kibadilishe, maana kila mkwaruzo unatawanya mwanga.

Beba chupa ya maji na kitambaa. Matope juu ya kioo yanakula mwanga wako.

Tazama na taa ya nyuma. Mzigo usiifunike.

Ikiwa safari inaweza kungoja asubuhi, ngoja. Na pahali ambapo serikali imekataza kutembea usiku, ulizia namna ya kupeleka mgonjwa kabla usiku haujaingia.

Kwa mwenye kutembea kwa miguu:

Tembea upande wa kushoto wa barabara, ili uone pikipiki inayokuja mbele yako. Vaa kitu cheupe, hata kitambaa kichwani ao mfuko mkononi. Watoto watembee upande wa majani, mkubwa upande wa barabara. Kurunde si pahali pa kusimama na kuzungumza usiku. Hivyo hivyo katikati ya njia mnapotoka matangani. Taa ikikujia machoni, simama kando mpaka ipite, maana mwenye taa ile pengine hakuoni.

Ndugu, wengi wetu tunasema tunampenda jirani. Usiku barabarani jirani hana jina wala uso. Ni mwanga unaokuja tu. Lakini nyuma ya mwanga ule kuna macho ya mtu, na mtu huyo pengine anapeleka mgonjwa kama wewe.

MAULIZO YA SOMO

Jibuni pamoja, nyumbani ao katika barza ya hospitali.

1. Macho yanahitaji muda gani ili yazoee giza kabisa?

2. Mtoto anayejikwaa jioni wakati wenzake wanaona, amekosa nini? Mama yake afanye nini?

3. Sababu gani mzigo wa nyuma unainua taa ya mbele?

4. Katika ukuta wa mita 5, mstari wa mwanga uwe sentimeta ngapi chini ya katikati ya taa?

5. Taa iliyonunuliwa Uganda inaweza kuwa na hatari gani hapa kwetu?

6. Taa za ukungu na taa za masafa zinaachana namna gani? Kila moja inawashwa wakati gani?

7. Taa mbili za wati 20 katika batri ya volti 12 zinataka amperi ngapi?

8. Katika mwanga wa chini, mwendo usipite kilometa ngapi kwa saa? Sababu gani?

KAZI YA JUMA HILI: Wenye pikipiki wa kijiji kimoja wakutane jioni moja penye ukuta wa shule, kila mmoja na mzigo wake wa kawaida. Pikipiki ya kwanza ikiisha kupimwa, mistari ya chaki isifutwe mpaka ya mwisho imepita. Lakini kila pikipiki ipimwe urefu wake, na iwe na mistari yake, maana taa zote hazilingani.